Je, wajua kwa nini empanada husukwa ukingoni?

Empanada ni kitafunio cha unga uliokunjwa na kujazwa. Agiza kumi na mbili katika duka la Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, zitakujia kwenye boksi zikiwa zimepangwa safu safu, zote nusu mwezi, zote rangi ya hudhurungi. Ndani yake moja ina nyama, nyingine kuku, nyingine mahindi mabichi, nyingine jibini na vitunguu. Hakuna anayezipasua ili ajue kilichomo. Wenyeji hutazama ukingo: huu umesukwa kama ukili wa mkeka, huu umebanwa kwa uma, huu una mikunjo mipana iliyolaliana. Kila mtu anachukua yake.

Ukingo huo Waargentina wanauita repulgue. Neno lenyewe ni la washonaji: kwa Kihispania repulgo ni pindo la nguo, ule upande unaokunjwa na kushonwa ili nyuzi zisifumuke. Basi na sisi tuuite pindo, kama la kanga.

Lakini kuonyesha kilichomo ni kazi iliyokuja baadaye. Pindo lilianza kwa sababu ya mchuzi.

Ulinganisho wa karibu ni sambusa. Manda ya sambusa hupashwa moto kwanza kwenye chuma cha chapati, kwa hiyo unga wake umeshaiva nusu na haushikani tena wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana tunaibandika kwa gundi ya unga na maji. Gundi hiyo haistahimili majimaji, na manda ni nyembamba, kwa hiyo nyama ya sambusa lazima ikaushwe jikoni mpaka isiwe na tone. Empanada ya kuoka imepita njia nyingine. Unga wake ni mbichi, mnene wa milimita 2 hadi 3, na mpishi anataka mchuzi ubaki humo humo. Mkoani Tucumán, kaskazini-magharibi mwa Argentina, husemwa kwamba empanada nzuri huliwa ukiwa umetanua miguu, ili ukiing'ata mchuzi udondoke chini, usiharibu viatu.

Sasa fikiria mchuzi huo ndani ya tanuri lenye moto wa nyuzi 240. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Mvuke unatafuta pa kutokea, na pale palipounganishwa ndipo padhaifu. Ukingo uliobanwa kwa uma ni kiungo kimoja kilichonyooka: ukiachia mahali pamoja, unafunguka kama zipu, tena meno ya uma mara nyingi yameshautoboa unga. Ukingo uliosukwa una tabaka juu ya tabaka, na kila kunjo limekalia nusu ya kunjo lililotangulia. Mchuzi ukipenya kiungo cha kwanza unakutana na unga uliogeuka na kurudi juu yake. Halafu kamba ile ya unga ni nene, kwa hiyo inachelewa kukauka kuliko tumbo la empanada; mvuke ukisukuma, inanyumbuka kidogo badala ya kupasuka.

Namna ya kusuka ni hii. Duara la unga la sentimita 12 au 13 linalazwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kiganja kikiwa kimekunjwa kidogo kama anayeteka maji. Weka katikati kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, si zaidi. Chovya kidole kwenye maji, ukipitishe kwenye nusu ya ukingo tu. Ukilowesha wote, unga unateleza. Kunja, bana kuanzia katikati kwenda pembeni huku ukiifukuza hewa, mpaka upate mdomo bapa wa sentimita moja na nusu. Hapo ndipo pindo linaanza: shika pembe moja kwa kidole gumba na cha shahada, ikunje kuja juu, ikandamize, shika sehemu inayofuata pamoja na ncha ya kunjo uliloliacha, nayo ikunje, endelea hivyo hadi pembe ya pili, umalizie kwa kuifutika chini. Tucumán mapokeo yanataka makunjo 13. Ukipima nusu ya mzingo wa duara lile unapata kama sentimita 20, kwa hiyo kila kunjo huchukua sentimita moja na nusu, pungufu kidogo ya upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Hesabu hiyo imo mkononi mwa mpishi, hahitaji rula.

Unga wa empanada 18 ni gramu 500 za ngano nyeupe, gramu 125 za mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, gramu 10 za chumvi na kama mililita 200 za maji ya vuguvugu. Chumvi inayeyushwa kwenye maji kwanza. Kanda dakika nane hadi kumi, funika, acha upumzike angalau nusu saa. Wengi huruka hatua hii wakiona inachelewesha, kisha wanashangaa duara likisukumwa linarudi nyuma na pindo linafunguka lenyewe. Unga uliotoka kukandwa umekazana kama mpira, unahitaji muda wa kulegea. Samli inafaa mahali pa mafuta ya ng'ombe. Mafuta ya maji hayafai, kwa kuwa hayagandi na unga unakuwa mlegevu mkononi.

Kwa kujaza, uzito wa vitunguu ni sawa na uzito wa nyama: nusu kilo kwa nusu kilo. Wanaopika mara ya kwanza huogopa vitunguu vingi namna hiyo, ilhali ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya mchuzi. Nyama inakatwa kwa kisu, vipande vya nusu sentimita. Tucumán hutumia matambre, ule mnofu mwembamba ulio kati ya ngozi na mbavu za ng'ombe. Unachemshwa kwanza mpaka ulainike, unakatwa, na supu yake inarudishwa kwenye vitunguu. Nyama ya kusaga hushikamana ikawa donge na kuachia maji yake yote sufuriani. Kaanga vitunguu kwa mafuta ya ng'ombe mpaka vilainike bila kugeuka rangi, tia nyama, kisha ipua. Kijiko cha chai cha bizari nyembamba na kijiko cha chakula cha paprika, ile pilipili nyekundu isiyowasha, vinatiwa sufuria likiwa limeshatoka motoni, maana paprika ikiungua inakuwa chungu na uchungu huo haufichiki.

Halafu ni friji, kwa muda wa saa nne au usiku kucha. Hapa ndipo siri ya mchuzi ilipo. Mafuta ya ng'ombe na ute wa supu vikipoa vinaganda, na kilichokuwa mchuzi kinachoteka kwa kijiko kinakuwa kitu kigumu unachoweza kukifungia. Asubuhi unachanganya majani ya vitunguu na mayai ya kuchemsha yaliyokatwa, unafunga, na mchuzi unayeyuka tena ndani ya tanuri wakati pindo limeshaanza kushikana. Anayefunga nyama ikiwa bado ya moto anayeyusha mafuta yaliyomo kwenye unga, ukingo unalowa, na hata asuke makunjo 20 itapasuka. Pia tone la mafuta likiangukia mdomo wa unga, lifute. Penye mafuta unga haushikani. Oveni nayo iwe imeshapata moto kabisa, nyuzi 230 hadi 240, kwa dakika 12 hadi 15. Moto mdogo ni kosa linalofichika: mafuta ya unga yanayeyuka kabla ganda halijasimama, pindo linalala, mchuzi unamwagika kwenye trei na kuungua.

Wabolivia wameipeleka hila hii mbali zaidi. Salteña yao imejazwa supu hasa, iliyogandishwa kwa ute wa kwato za ng'ombe zilizochemshwa, na pindo lake limesimama juu kama mgongo. Huliwa kabla ya adhuhuri. Unaishika wima, unang'ata pembe ya juu, unafyonza kwanza. Jina linamaanisha mwanamke wa Salta, mji wa Argentina, na hadithi inayosimuliwa sana inamhusisha Juana Manuela Gorriti, mwandishi aliyezaliwa mkoani Salta mwaka 1818 na ambaye familia yake ilikimbilia Bolivia kwa sababu za kisiasa. Mumewe, Manuel Isidoro Belzu, baadaye akawa rais wa Bolivia. Eti uhamishoni familia iliuza empanada, na majirani wakawa wanasema, nenda kanunue kwa yule salteña. Ni hadithi ya mdomo, lakini jina limeshika.

Salta yenyewe hutia viazi vilivyokatwa vidogo vidogo, na empanada zake ni ndogo, zina pilipili. Watu wa Tucumán wanasema kiazi ni njia ya kupunguza nyama. Watu wa Salta wanajibu kwamba kiazi hunywa mchuzi na kuutunza, jambo ambalo kwa mpishi ni kweli. Ubishi huu haumaliziki, na kila Septemba mji wa Famaillá, mkoani Tucumán, hufanya sherehe ya kitaifa ya empanada ambapo bingwa huchaguliwa.

Na asili? Jina latokana na empanar, kuvika mkate, kwani pan ni mkate. Galicia, pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, empanada ni sinia zima la kukatwa vipande, lenye vitunguu na samaki, na ukingo wake pia umesukwa. Katika lango la mawe la kanisa kuu la Santiago de Compostela, kazi ya mchongaji Maestro Mateo ya mwaka 1188, yuko mlafi aliyechongwa kati ya wanaoadhibiwa, na anachokula ni empanada. Kusini mwa Hispania, chini ya utawala wa Kiislamu, wapishi wa karne ya 13 waliandika mapishi ya sanbusak, ndugu wa moja kwa moja wa sambusa tunayokula Zanzibar na Mombasa. Kwa hiyo meli za Wahispania zilipovuka bahari kwenda Amerika katika karne ya 16, hodari wa kufunga nyama ndani ya unga walikuwa wa mapokeo yote mawili.

Zile alama za dukani, basi, zilizaliwa baada ya pindo kuwapo na baada ya empanada kuanza kuuzwa kwa dazeni. Hazilingani nchi nzima. Kila duka lina zake, na ndiyo maana ndani ya boksi mara nyingi huwekwa karatasi yenye michoro ya mapindo. Ya jibini na nyama ya nguruwe mara nyingi huunganishwa pembe mbili ikawa kama kofia, umbo linalofaa kwa sababu jibini lililoyeyuka ndilo linalotoroka upesi kuliko vyote. Maduka mengine yamechoka kusuka, yanagonga herufi kwenye unga. Inasomeka, ila haizuii chochote.

Ukienda Kolombia au Venezuela kwa kawaida hutaona pindo la kusuka, wala si uvivu wa wapishi. Huko mara nyingi unga ni wa mahindi, na mahindi hayana ule utando wa ngano unaovutika. Ukijaribu kulikunja donge lake linakatika kama ugali uliopoa. Wao hulitandaza donge juu ya karatasi ya nailoni, wanaweka nyama au kuku, wanakunja kwa kuinua nailoni, kisha wanakandamiza kwa mdomo wa bakuli unaofunga na kukata kwa pamoja. Kinachojazwa kimekaushwa vizuri, kama cha sambusa, na empanada inatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Mabaki yaliyokatwa na bakuli yanarudi kwenye donge.