Maambukizi baada ya upasuaji wa dharura wa ubongo: maana yake ni nini?

Ndugu wakiambiwa "operesheni imekwenda salama" hushusha pumzi, na wana haki ya kufanya hivyo. Damu iliyokuwa ikiubana ubongo imetolewa, mgonjwa amefungwa bandeji, yuko wodini. Kwa daktari, hata hivyo, hapo kinaanza kipindi kingine. Ni zile siku na wiki ambazo vijidudu vinaweza kupenya kichwani, au vilivyokwisha kupenya tangu ajali vikaanza kujitokeza. Hiyo ndiyo hatari ya maambukizi baada ya upasuaji.

Kwa kipimo cha hospitali, maambukizi ya mahali palipopasuliwa ni yale yanayojitokeza ndani ya siku 30 tangu operesheni. Mtu akifunguliwa fuvu, maambukizi ya ndani zaidi huendelea kufuatiliwa hadi siku 90. Naomba uishike tarakimu hiyo ya pili. Miezi mitatu ni muda ambao mgonjwa ameshatoka, nyuzi zimetolewa, nywele zimeanza kuota na waliokuwa wakija kumjulia hali wamerudi kwenye shughuli zao. Homa ikija wakati huo, wa kwanza kushukiwa huwa ni malaria.

Tuanze na jinsi kichwa kinavyojilinda. Nje kuna ngozi, chini yake mfupa wa fuvu, na chini ya mfupa kuna utando mgumu unaoufunika ubongo pande zote. Ndani ya utando huo ubongo unaelea kwenye maji maangavu. Mtu mzima ana kama mililita 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza mengine mapya, karibu nusu lita kwa siku. Ni sehemu safi kabisa, lakini haina ulinzi mkubwa wa kinga kama ulivyo kwenye damu. Bakteria wachache wakifika humo huzaana upesi. Tena mishipa ya damu ya ubongo huchuja kwa ukali kila kinachotaka kupita, hivyo antibayotiki nyingi zinazotibu kidonda cha mguu bila shida hufika kwenye ubongo kwa kiasi kidogo.

Jina la ugonjwa hutegemea ni tabaka gani limevukwa. Vijidudu vikiishia kwenye ngozi, ni kidonda kilichotunga usaha. Vikiingia mfupani, mfupa unaoza. Usaha unaweza kukusanyika juu au chini ya ule utando. Vikifika kwenye maji, ni homa ya uti wa mgongo, na vikizama kwenye ubongo wenyewe, ni jipu la ubongo. Nyingi za hatua zinazochukuliwa hospitalini zina lengo moja: tatizo la tabaka la juu lisishuke chini.

Sasa kwa nini dharura? Mtu aliyepangiwa operesheni ya uvimbe huoga vizuri siku iliyotangulia, hupimwa sukari, na ngozi yake haina jeraha. Kijana wa bodaboda aliyeanguka usiku kwenye barabara ya changarawe hana hata kimoja katika hivyo. Nywele zimegandamana kwa damu na mchanga. Mfupa umevunjika ukabonyea ndani, na ukitazama kwa karibu unaona nywele zimebanwa kwenye ufa wa fuvu. Huenda ametoka mkoani kwa rufaa, akasafiri kwa saa kadhaa kabla ya kufika kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo. Kwake vijidudu vilitangulia kisu.

Na kisu hakiwezi kungoja. Damu iliyovuja kati ya fuvu na utando inaweza kumuua mtu ndani ya saa chache. Hakuna daktari mwenye busara atakayeahirisha kuitoa kwa kuhofia usaha wa wiki ijayo. Lakini dharura si kibali cha kuruka usafi, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu wapo wanaodhani vitu hivyo viwili havikai pamoja. Sindano ya antibayotiki inatakiwa itangulie kisu. Shirika la Afya Duniani linasema itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kuchana ngozi, na operesheni ikiwa ndefu hurudiwa. Nywele zisinyolewe kwa wembe, maana wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo bakteria hukaa humo. Zikilazimika kuondolewa, zipunguzwe kwa mashine. Na kidonda chenyewe kinahitaji kuoshwa kwa maji mengi safi, na vipande vya mfupa, mchanga na nyama iliyokufa vitolewe kimoja kimoja.

Nguvu ya hatua hiyo ya mwisho ilionekana mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kabla antibayotiki hazijapatikana. Harvey Cushing, daktari Mmarekani, alikuwa akiwapasua askari waliopigwa risasi na vyuma kichwani. Alisafisha njia yote ya jeraha, akaondoa kila uchafu alioweza kuufikia, kisha akafunga kidonda vizuri. Katika miezi mitatu ya kazi hiyo vifo vilishuka kutoka zaidi ya nusu ya wagonjwa hadi chini ya thuluthi. Mengi yamebadilika tangu wakati huo, ila dawa bado haishiki nafasi ya kusafisha.

Katika yote yanayoongeza hatari, moja ningependa kila anayeuguza alijue: kuvuja kwa maji ya ubongo. Utando ukichanika, kwa ajali au kwa upasuaji, na usizibe sawasawa, maji hutoka kidondani, puani au sikioni. Njia yanayotokea ndiyo njia ya vijidudu kuingilia. Angalia foronya asubuhi. Doa la damu lililozungukwa na duara la majimaji maangavu linatosha kumwita muuguzi, hata kama si uthibitisho. Mgonjwa akiinama, tone la maji kama ya mafua hudondoka upande mmoja wa pua, au anasema anasikia chumvi kooni. Mafua hayo usiyafute kwa kanga ukanyamaza. Usizibe pua wala sikio kwa pamba, na mgonjwa asipenge kamasi. Na aliyevunjika mfupa wa kitako cha fuvu hupitishiwa mpira wa kulishia mdomoni badala ya puani, maana ukipitia puani unaweza kupenya kwenye ufa hadi ndani ya fuvu.

Hatari nyingine ni ule mrija mwembamba unaowekwa ndani ya ubongo kupunguza shinikizo la maji. Unaokoa maisha, lakini ni mlango ulioachwa wazi, na kadiri unavyokaa na kuguswaguswa ndivyo hatari inavyopanda. Kurudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili nako kunaongeza, na vilevile kulala siku nyingi kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, ambako bakteria sugu kama Klebsiella na Acinetobacter wamezoea kukaa.

Kugundua maambukizi haya ni kazi ngumu, na ndugu wanapaswa kuelewa kwa nini madaktari wakati mwingine wanasitasita. Dalili ni homa, kichwa kuuma, kutapika, shingo kukakamaa, usingizi mzito, kuchanganyikiwa, degedege. Sasa mtu aliyegongwa kichwa anaweza kuwa na karibu zote hizo kwa sababu ya jeraha tu. Ndiyo maana kinachotazamwa ni mabadiliko: jana alikujibu, leo anakukodolea macho. Wewe unayemfahamu utaliona hilo mapema, na ulitaje. Maji ya ubongo yakiweza kuchukuliwa kwa usalama hupelekwa maabara kuoteshwa, na inafaa yachukuliwe kabla ya dawa kubadilishwa. Vidonge vya kununua mtaani huua bakteria nusunusu, maabara isiwaone, nao wabaki kichwani.

Matibabu huchukua wiki, kwa sindano za mshipani. Usaha hutolewa kwa upasuaji. Kile kipande cha fuvu kilichokatwa na kurudishwa hakina damu inayokilisha mpaka kiunge, kwa hiyo kikishaoza dawa haikifikii, na mara nyingi hulazimika kutolewa kabisa. Mgonjwa hukaa miezi kadhaa hadi maambukizi yaishe ndipo awekewe kiziba kingine. Muda huo wote upande mmoja wa kichwa umebonyea, ngozi inapwita juu ya ubongo, na anahitaji kofia ngumu hata kwa kutoka kitandani kwenda msalani.