Chunjua za nyayo: hazina mzizi, na ndiyo maana hazichimbwi

Chunjua ya mkononi huchomoza juu ya ngozi, ukaiona na kuigusa. Ya unyayoni haipati nafasi hiyo. Kila ukikanyaga, uzito wa mwili unaisukuma ndani, na juu yake ngozi inaota ugumu. Mtu anaweza kutembea nayo miezi kadhaa akidhani ni sugu, au mwiba uliokatikia ndani, mpaka siku inapoanza kuuma kama kokoto iliyoingia kiatuni.

Kuitambua si kazi kubwa ukitazama kwa makini. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, ufute, kisha ugeuze unyayo kwenye mwanga wa kutosha. Angalia ile mistari myembamba ya ngozi, ya aina ileile inayoacha alama za vidole. Kwenye sugu mistari hiyo hupita juu yake bila kukatika. Kwenye chunjua hufika ukingoni ikaishia hapo au ikazunguka pembeni. Halafu ibane kwa vidole viwili kutoka ubavuni: chunjua kwa kawaida huuma zaidi ikibanwa hivyo, ilhali sugu huuma zaidi ukiibonyeza kutoka juu. Ukiparuza kidogo ngozi iliyolainika, huenda ukaona vidoa vyeusi vidogo kama ncha ya sindano, na ukizidisha, vinatoka damu.

Vidoa hivyo ndivyo watu wengi wanavyoviita mizizi, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Aliyeamini kuna mzizi hushika wembe, sindano au kikata kucha na kuanza kuuchimba. Hachimbui mzizi wowote, kwa sababu haupo. Chunjua inaishi katika tabaka la juu la ngozi peke yake. Tabaka hilo linapovimba na kunenepa, vishipa vidogo vya damu vya tabaka la chini hurefuka kulifuata, na kwa kukanyagwa kila siku damu iliyomo huganda ikawa nyeusi. Anayechimba anafanikiwa kujitia kidonda, kukaribisha usaha, na kuvipandikiza virusi vinavyoleta chunjua kwenye ngozi ya jirani iliyokuwa salama. Baada ya wiki kadhaa anahesabu chunjua tatu mahali palipokuwa na moja.

Virusi vyenyewe ni vya papiloma, maarufu kwa herufi HPV. Kwamba chunjua inaletwa na virusi lilidhihirika mwaka 1907, pale daktari Mwitaliano Giuseppe Ciuffo alipochuja maji ya chunjua hadi yakabaki bila seli, akajichanja nayo mwenyewe, na chunjua zikamwota. Leo aina zaidi ya 200 za virusi hivi zinafahamika, na kila kundi lina mahali pake pa kupenda. Za nyayoni mara nyingi ni aina ya 1, 2, 4, 27 na 57. Hizi si zile aina za 16 na 18 zinazohusishwa na saratani ya shingo ya kizazi. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaosikia HPV wakaingiwa na hofu, au wakaanza kumtilia mwenzao shaka. Chunjua ya unyayo haina uhusiano na mambo ya chumbani. Chanjo ya HPV nayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Virusi huingia kupitia mikwaruzo midogo ambayo hata huioni, hasa ngozi ikiwa imelowa na kulainika. Kisha hukaa kimya. Zinaweza kupita wiki chache au miezi mingi kabla chunjua haijaonekana, kwa hiyo kutafuta nani aliyekuambukiza ni kupoteza muda.

Swali linalofaa zaidi ni kwa nini mwili hauviondoi mara moja. Sababu ni mahali vilipojificha. Tabaka la juu la ngozi halina mishipa ya damu, na virusi hivi haviingii kwenye damu wala haviui seli kwa namna ya kuamsha uvimbe na homa. Vinapanda juu pamoja na seli za ngozi zinavyokua, kisha vinatoka na ngozi iliyokufa. Kinga ya mwili inaweza kuchelewa sana kugundua. Ikigundua, chunjua iliyosumbua muda mrefu inaweza kukauka na kupotea, na wakati mwingine zote zinaondoka kwa pamoja, hata zile ambazo hazikuwahi kupakwa kitu. Kwa watoto, nyingi huisha zenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa watu wazima huchukua muda zaidi.

Ndiyo maana kuacha chunjua ilivyo ni uamuzi halali kabisa, hasa ikiwa haiumi na haiongezeki. Sioni sababu ya kumtesa mtoto wa miaka mitano kwa kitu ambacho hakimzuii kucheza.

Ikiwa inauma au inaenea, pa kuanzia ni asidi ya salisiliki, inayouzwa madukani mwa dawa ikiwa ya maji, jeli au plasta. Inamenya ngozi iliyoshika virusi safu kwa safu, na muwasho inaouleta huenda ukasaidia kuishtua kinga ya mwili. Namna ya kuitumia ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye chupa. Loweka mguu jioni kwa muda wa dakika tano hivi. Sugua juu ya chunjua kwa jiwe la kusugulia miguu au msasa wa kucha hadi ile ngozi nyeupe iliyokufa itoke, ila usifike kwenye damu. Paka mafuta mazito kuizunguka ili ngozi nzima isiungue, kisha tia dawa juu ya chunjua tu, iache ikauke, ufunike kwa plasta. Kesho yake unarudia. Ikichonyota sana au ikiwa nyekundu, pumzika siku chache. Wengi huacha baada ya wiki mbili wakisema dawa haifanyi kazi, ilhali huhitajika hadi wiki 12 za kupaka bila kukosa. Unaacha pale mistari ya ngozi inaporudi kupita mahali hapo kama kwingine.

Njia ya pili ni kugandisha kwa naitrojeni ya maji, ambayo ubaridi wake hufika nyuzi 196 chini ya sifuri. Hufanywa na mhudumu wa afya, hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, inauma, na inaweza kuacha lengelenge. Watu huiamini zaidi kwa sababu inaonekana kali. Mwaka 2011 yalitangazwa Uingereza matokeo ya utafiti uliolinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 240 wenye umri wa miaka 12 na kuendelea: baada ya wiki 12, waliopona kabisa walikuwa asilimia 14 katika kila kundi. Ni idadi ndogo, na inaonyesha jinsi chunjua za unyayo zilivyo kaidi. Kwa maoni yangu inatosha pia kukushauri uanze na ile unayoweza kuifanya nyumbani mwenyewe.

Vipi kuhusu kuifunika kwa utepe mzito wenye gundi? Utafiti wa mwaka 2002 uliisifu sana, lakini mwingine wa 2006 na wa 2007 haukuona faida ya maana. Haina madhara makubwa, usiitegemee tu.

Zikigoma, daktari wa ngozi ana njia nyingine: sindano ya kuingizwa ndani ya chunjua, krimu za kuamsha kinga, mionzi ya leza, au kuikwangua akiwa ametia ganzi. Upasuaji uje mwisho kabisa. Kovu la unyayoni linaweza kuuma kila unapokanyaga, na hilo halina dawa rahisi.

Wapo wasiopaswa kujitibu kabisa. Mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni au mzunguko mbaya wa damu anaweza kuunguzwa na asidi bila kuhisi, na kidonda chake kikakataa kupona. Mwenye kinga dhaifu, kwa VVU au kwa dawa za baada ya kupandikizwa kiungo, huota chunjua nyingi zisizosikia dawa. Naye amwone daktari mapema. Na doa jeusi au la kahawia linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa, au linalotoka damu bila kuguswa, lisiitwe chunjua kwa kukisia. Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na melanoma, saratani ya ngozi, chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Ilienea na kumuua mwaka 1981.

Kuhusu kuambukiza wengine, hakuna haja ya kumfungia mtu ndani wala kumzuia asiogelee. Afunike chunjua kwa plasta isiyopitisha maji na avae kandambili kwenye bafu la pamoja. Taulo na soksi asichangie na mtu. Jiwe au msasa uliogusa chunjua usiguse ngozi nzima wala kucha, na dawa ikiisha utupwe. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kila baada ya kuishika chunjua. Vitakasa mikono vya alkoholi haviwezi sana virusi hivi, kwa kuwa havina lile ganda la mafuta ambalo alkoholi huliyeyusha.