Mzizi: kinachomsumbua Mwarabu kwenye Kiingereza cha kila siku

Mwandikie Mwarabu herufi tatu ubaoni, kaf, ta na ba, atakutajia ukoo mzima hapo hapo. Kataba, ameandika. Kitab, kitabu. Katib, mwandishi au karani. Maktab, ofisi. Maktaba, pahala pa vitabu. Maktub, kilichoandikwa, neno ambalo pia husemwa mtu anapolikubali jambo kuwa ni majaliwa. Sisi Waswahili tumechota kisima hicho hicho: kitabu, katibu, maktaba, mkutubi, mpaka katiba ya nchi.

Sasa vitaje vitu hivyo kwa Kiingereza: "write", "book", "clerk", "office", "library". Hakuna neno linalomjua mwenzake. Ni kama abiria watano waliokutana kituo cha basi.

Nimekaa na tatizo hili jioni nyingi nikiwafundisha Kiingereza watu wazima mjini Muscat, ndiyo maana nataka lieleweke vizuri. Watu husema Mwarabu anasumbuliwa na Kiingereza kwa sababu kinaandikwa kuanzia kushoto, au kwa sababu lugha yake haina sauti ya p. Kweli yapo hayo, lakini ni mambo ya miezi ya mwanzo. Linalomfuata miaka na miaka ni mzizi.

Mzizi katika Kiarabu ni konsonanti, aghalabu tatu, zinazobeba wazo la msingi. Wazo hilo peke yake bado si neno. Huwa neno likishamiminwa katika kalibu: irabu zikapangwa hivi au vile, m ikaja mbele, herufi ya katikati ikatiwa mkazo. Kalibu nazo zina maana zake. Ile inayoanza na "ma" mara nyingi hutaja mahali. Penye kuandikwa ni maktab, penye kusomwa ni madrasa, penye kupikwa ni matbakh, penye kusujudiwa ni masjid, na penye kurukia ndege ni matar. Mtoto wa Kiarabu akisikia neno jipya, mara nyingi anaweza kulibuni maana kabla hajaambiwa, kwa sababu anausikia mzizi ndani yake na anaijua kalibu. Kamusi nyingi za Kiarabu zimepangwa hivyo hivyo. Ukitaka maktaba huendi kwenye m, unakwenda kwenye k-t-b.

Msomaji wa Kiswahili analielewa hili kwa nusu. Tunayo soma, somo, msomi, someka, somesha, na mtu aliyejua la kwanza hahangaiki na mengine. Tofauti ni kwamba sisi tunaongeza mbele na nyuma huku shina likibaki zima, ilhali Mwarabu anaingia ndani ya neno na kupanga upya irabu zake.

Kiingereza nacho kina jamaa za maneno, "help" na "helper" na "helpful". Lakini jamaa hizo ni ndogo, na zinakatika ghafla. Historia ndiyo iliyozikata. Tangu Wanormani, waliosema Kifaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ile imeishi na akiba mbili zilizochanganyika, ya Kiingereza cha kale na ya Kifaransa na Kilatini. "Write" na "book" zimetoka upande mmoja, "office" na "library" upande mwingine. Kwa hiyo kitu kimoja na mahali pake na mtu wake vinaweza kuwa na majina yaliyotoka nchi tofauti.

Na hapa ndipo maneno "ya kila siku" yanapoingia. Msamiati wa kila siku ni yale maneno machache yanayorudi rudi katika kila mazungumzo: nenda, leta, chukua, leo, mlango, njaa. Wataalamu wamejaribu kuyahesabu. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850 aliyoamini yanatosha kwa mahitaji ya kawaida, na mwaka 1953 Michael West akatoa yake yenye maneno yapatayo 2,000, ambayo walimu waliitegemea kwa miongo mingi. Ukizisoma orodha hizo unaona jambo la kushangaza kidogo. Maneno yanayotumika zaidi ndiyo mafupi zaidi, na ndiyo yaliyo mapweke zaidi. "Get", "put", "take", "make", "do". Mwanafunzi anaambiwa aanze na haya kwa kuwa ni rahisi. Kwa Mwarabu haya ndiyo magumu. Maneno marefu ya ofisini, kama "information" na "informative", angalau yanaonyesha nasaba.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa Kiomani aliyekwisha kuwa na wajukuu. Mama yake mzazi alikulia Unguja, kwa hiyo Kiswahili alikuwa akikichomeka popote Kiarabu kilipochoka. Jioni moja tulikuwa tunasoma maneno mawili, "borrow" na "lend". Kwa Kiarabu ni mzizi mmoja: istaara, ameazima kwa mtu, aara, amemwazima mtu. Nikayaandika ubaoni. Akayatazama kwa muda mrefu, kalamu mdomoni.

"Mwalimu," akasema, "huyu anakopa na huyu anakopesha. Si kitu kimoja kinachopita mkononi? Mbona hawakupewa jina la baba mmoja?"

Nikamwambia, "Mama, hawa hawana baba mmoja."

"Basi nitawajuaje?"

Swali hilo ndilo linalotenganisha njia mbili za kujifunza. Kwake yeye kulijua neno ni kujua limetoka wapi. Kwa Kiingereza, kulijua neno ni kujua linatembea na nani. "Lend" hutembea na "to", "borrow" hutembea na "from". Mengi zaidi ya hapo hupati kwa kulitazama neno lenyewe, hata ukilikodolea macho usiku kucha.

Tatizo la pili linatokana na lile la kwanza, nalo ni irabu. Aliyepitia chuo cha Kurani Pwani anajua kwamba msahafu umetiwa irabu zote, lakini gazeti la Kiarabu halina. Msomaji anazijaza mwenyewe, kwa kuwa konsonanti zimeshamwonyesha mzizi na muktadha umeshamwonyesha kalibu. Ni ustadi mkubwa, na jicho lake limeuzoea tangu utotoni: likiona neno linashika konsonanti, irabu linaziruka. Sasa mpe Kiingereza, ambamo "best", "bust", "boast", "boost" na "beast" zote ni b-s-t. Mwaka 1991 watafiti Ann Ryan na Paul Meara waliwapima wanafunzi wanaozungumza Kiarabu kwa kuwaonyesha maneno ya Kiingereza ambayo mengine yalikuwa yamedondoshewa irabu. Waligundua kwamba wanafunzi hao walikuwa wazito kuona pengo kuliko wanafunzi wa lugha nyingine, na walikosea zaidi. Irabu zilikuwa kama hazionekani.

Daftari la yule mama lilinionyesha jambo hilo vizuri kuliko utafiti wowote. Lilifunguliwa kuanzia kulia, kama msahafu. Kila ukurasa ulikuwa na mstari katikati, Kiarabu upande wa kulia kwa mwandiko mzuri wa kuvutia, Kiingereza upande wa kushoto kwa herufi kubwa kubwa. Kwenye ukurasa wa vitu vya dukani aliandika PAPR mara mbili. Mbele ya moja aliandika waraq, karatasi. Mbele ya nyingine, filfil, pilipili. Nikamwuliza ipi ni ipi akiwa ameuziba upande wa Kiarabu kwa kiganja. Akanyamaza. Alikuwa ameshika konsonanti zote barabara, hata p mbili ambazo ulimi wake ulikuwa ukizigeuza b. Zilizokosewa ni irabu tu, na ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikibeba maana yote.

Kiarabu sanifu kina irabu tatu fupi na tatu ndefu. Sisi tunazo tano na tunaona zinatosha. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, na hati yake ina herufi tano za kuziandikia. Mtu asimlaumu Mwarabu. Tangu jioni ile nilimtaka kila mwanafunzi awe na kalamu nyekundu kwa irabu peke yake. Ni kutia irabu tu, kazi anayoijua tangu chuoni, ila safari hii kwa lugha nyingine.

Kuna mahali ambapo Kiarabu kina utajiri na Kiingereza ni maskini, na hilo nalo humkwaza mwanafunzi, kwa sababu hakuna anayetarajia kwamba lugha anayojifunza itamnyang'anya kitu. Chukua ukoo. Ndugu wa kiume wa baba ni amm, wa mama ni khal. Dada wa baba ni amma, wa mama ni khala. Watoto wao kila mmoja ana jina lake, wa kiume na wa kike, kwa hiyo majina yanafika manane. Sisi tumelichukua moja, binamu, kutoka kwa mtoto wa amm. Tena tunayo shangazi, mjomba, mama mdogo na baba mkubwa, hivyo tunayaelewa mambo haya. Kiingereza kinasema "cousin", basi, na hata kama ni mwanamume au mwanamke hakisemi. Nimewaona watu wazima wakikataa kabisa neno hili. Wanaona ni kama kumpita jamaa yako njiani bila kumtolea salamu.

Vivyo hivyo maneno ya heri. Mtu akitoka kunyolewa au kuoga, Mwarabu humwambia naiman, nawe hujibu kwa dua. Kwa Kiingereza hakuna la kusema hapo. Sisi tunalijua pengo hili tangu tulipojaribu kutafsiri "pole" tukashindwa. Mwalimu mwema humwambia mwanafunzi wazi kwamba neno hilo halipo, asiendelee kulitafuta.

Nawasikia watu wakimfariji Mwarabu kwamba Kiingereza kimejaa maneno yake. Ni kweli, "sugar" ni sukkar, "cotton" ni qutn, "coffee" imetoka kwa qahwa ikapitia Uturuki, "zero" ni sifr, "tariff" ni taarifa ile ile tuliyonayo, na "monsoon" ni mausim, msimu wetu wa kaskazi na kusi. "Safari" yenyewe Waingereza waliipata kwetu, nasi tuliipata kwa Waarabu. Mimi mwenyewe huanza somo la kwanza na maneno haya, kwa kuwa yanamfungua mtu moyo. Ila hayamfikishi mbali. Ni maneno ya bandarini, sokoni na kwenye hesabu. Yalisafiri na bidhaa. Vitenzi vya nyumbani havisafiri na bidhaa, na "get up", "get on" na "get off" hazina asili yoyote Uarabuni.

Hata hivyo Mwarabu anao ufunguo wa vitenzi hivi, na mara nyingi hakuna aliyemwonyesha. Katika Kiarabu fasaha, raghiba ukiifuatisha na fi ni kutaka jambo, na raghiba hiyo hiyo ukiifuatisha na an ni kulikataa. Kitenzi ni kimoja, kikubwa ni kile kineno kidogo kinachofuata. Ndivyo "get on" na "get off" zinavyofanya kazi. Nilipowaeleza hivyo darasani, kijana mmoja wa kazi za bandari aliyekuwa akivichukia vitenzi hivyo alipiga meza kwa kofi moja. Kumbe kwa miaka yote ile alikuwa akitafuta mzizi ndani ya "get", na ndani ya "get" hamna kitu.

Wingi usiofuata utaratibu nao haumtishi Mwarabu hata kidogo. Mzungumzaji wa lugha nyingine atauliza kwa nini "foot" inakuwa "feet" na "man" inakuwa "men". Mwarabu haulizi. Kitab wingi wake ni kutub, walad ni awlad. Amezoea neno kuvunjwa ndani likaungwa upya. Hapa Kiingereza kimemfuata nyumbani kwake, na nadhani walimu wengi hupoteza saa nzima kumweleza kitu alichokwisha kukijua.

Kwa hiyo yule mama tulimbadilishia daftari. Tuliacha orodha ya Kiarabu kulia na Kiingereza kushoto, kwa maana orodha ya namna ile humfanya mtu aamini kwamba kila neno lina mwenzake wa kufa na kuzikana upande wa pili. Kila ukurasa ukapewa neno moja katikati, na pembeni yake maneno yanayokaa nalo. "Make" ilizungukwa na chai, kitanda, kelele na kosa. "Do" ikapewa kazi ya shule, vyombo na nywele. Yote hayo kwetu ni kufanya tu au hayasemwi hivyo kabisa, kwa Kiarabu cha mitaani ni vivyo hivyo, na hakuna kanuni ya kuyagawa isipokuwa kuyazoea. "Lend" na "borrow" aliziweka kwenye kurasa mbili zinazotazamana, kwa hiari yake. Chini akachora mkono kila upande, mmoja umefunguliwa kutoa, mwingine umefunguliwa kupokea. Irabu zote nyekundu.

Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa ameshajaza kurasa tatu za "get", na alikuwa ananiuliza kama aache ya nne wazi.