Virusi vya mafua vinafanya nini tumboni?

Kipindi hiki cha baridi hapa Moshi, Juni na Julai, utasikia sana mtoto ana mafua na kikohozi, af siku ya pili anaanza kuharisha. Watu wanasema kapata magonjwa mawili, wanakimbilia duka la dawa kuchukua Flagyl. Saa nyingine ni kweli yako mawili, ila mara nyingi tu ni kirusi kilekile kimeshuka chini, na Flagyl haiui virusi kabisa, yenyewe ni ya amiba na baadhi ya bakteria. Anayeharisha muhimu ni ORS na zinki, akilegea au macho yakidumbukia unamwahisha hospitali.

Sasa kinafikaje huko? Kirusi hakijui hili pafu huu utumbo, kinachotafuta ni seli yenye kitasa kinachoingia ufunguo wake. Kirusi cha Korona kinatumia kitasa kinaitwa ACE2, na hicho kwenye utumbo mwembamba kimejaa kuliko hata kwenye mapafu, ndo maana wagonjwa wengine wa Korona walikuwa wanaharisha na kirusi kikaonekana kwenye choo chao. Na makamasi tunayameza kutwa nzima jamani, hata usingizini, kwa iyo safari ya kwenda tumboni ipo tu.

Ila kufika sio kunusurika. Kirusi cha Korona na cha mafua makali (influenza) vina koti la mafuta, na asidi ya tumbo pamoja na nyongo vinalichakaza koti hilo, vingi vinafia njiani. Adenovirusi, kundi lingine la virusi vya mafua, hawana koti, wanapita kirahisi, ndo hao mtoto anakuwa na koo, macho mekundu na tumbo kwa pamoja. Hao hata sanitaiza haiwawezi sana, sabuni na maji yanayotiririka ni bora. Na kwa bata ndo usiseme, mafua ya ndege kwao ni ugonjwa wa utumbo hasa, yanatoka na kinyesi, kwa iyo ukinunua bata Mbuyuni mikono osha.

Je, mtu anaweza kuambukizwa kupitia choo? Kukuta vipande vya kirusi kwenye kinyesi sio sawa na kukuta kirusi kizima, na Korona kwa sehemu kubwa inasambaa kwa hewa, hilo halibadiliki. Ila kuna kisa cha Amoy Gardens, Hong Kong, mwaka 2003 wakati wa SARS, ugonjwa wa kirusi ndugu wa Korona: mgonjwa mmoja anayeharisha alitembelea maghorofa yale, watu zaidi ya 300 wakaugua. Wachunguzi walishuku mabomba, yale matundu ya sakafuni bafuni yalikuwa yamekauka, hayana maji ya kuzuia hewa ya chooni, na feni za bafuni zikawa zinaivuta ndani.

Kwa iyo kama kwako Sakina au Pasua kuna bafu la wageni halitumiki miezi na linanuka chemba, mwaga jagi la maji kwenye lile tundu, maana harufu ikipenya hapo ujue hewa ya chooni nayo inapenya.