Protini Zinazokaza Msuli, na Nishati Inayohitajika Kuulegeza

Hamali wa Marikiti anapojitwisha gunia la mchele, watu husema misuli yake imekaza, na wengi huamini kwamba nyuzi zilizomo ndani ya msuli hujikunja zenyewe zikawa fupi. Sivyo. Mwaka 1954, katika toleo moja la jarida la Nature, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mmoja, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande wa pili, walieleza kuwa msuli una nyuzi za aina mbili ambazo urefu wake haubadiliki: zile nyembamba huteleza kati ya zile nene, na msuli mzima ndio unaofupika.

Nyuzi nyembamba zimejengwa kwa protini iitwayo aktini, na zile nene kwa mayosini. Uzi mnene mmoja una molekuli za mayosini zipatazo 300, kila moja ikiwa na vichwa viwili. Kichwa hushika aktini, hupinda na kuivuta kwa nanomita chache tu, yaani sehemu chache za milioni ya milimita, kisha huachia na kushika mbele zaidi. Vichwa havivuti vyote kwa pamoja. Ni kama wavuvi wanaovuta juya ufukweni, ambapo baadhi hushikilia kamba wenzao wakisogeza mikono, ndiyo maana mzigo haurudi nyuma.

Msuli uliopumzika hauvuti, kwa sababu protini nyingine, tropomayosini, imelala juu ya aktini na kuziba mahali pa kushikia. Amri ya neva ikifika, kalsiamu hutolewa kutoka ghala zake ndani ya seli na kunasa kwenye troponini, protini iliyogunduliwa na Setsuro Ebashi wa Japani katika miaka ya 1960, nayo huisogeza tropomayosini kando.

Jambo linalosahauliwa sana, nami naliona kuwa kiini cha somo hili, ni kazi ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Ni kweli kwamba nishati yake hukitega kichwa kwa mvuto unaofuata, lakini kichwa kilichokwisha kuvuta hakiwezi hata kuachia mpaka ATP mpya ikifikie.

Hali hii ya misuli kushindwa kuachia baada ya kifo, waosha maiti wanaijua kwa mikono yao, na ndiyo maana hukunja na kunyoosha viungo vya marehemu mapema. Hata changu mezani kwa muuza samaki huwa laini anapokufa, kisha baada ya saa kadhaa hukakamaa mwili mzima. Hakuna amri ya neva inayomkaza; ATP imekwisha na vichwa vimenasa pale vilipo. Baadaye hulegea tena bila kupata nishati yoyote, kwa kuwa vimeng'enya vimeanza kuzikata protini zenyewe. Mnunuzi anayemkwepa samaki aliyekakamaa akachagua aliyelegea, mara nyingi huwa amemwacha aliye mbichi zaidi. Barafu hupunguza kasi ya vimeng'enya hivyo, basi samaki afunikwe nayo tangu anapotolewa baharini.