Si kila aliyepooza upande ana kiharusi

Fomu nyingine ya rufaa, neno lile lile: "kiharusi". Mgonjwa mwenyewe uso umenyooka, maneno yanatoka sawasawa, na jamaa zake wanaeleza kwamba kwanza alishika shingo akalia kwa maumivu kama aliyechomwa kisu, ndipo mkono na mguu wa kulia ukalegea. Na aspirini keshapewa. Jamani, aspirini hiyo inazidisha damu inayoukaba uti wa mgongo.

Damu huweza kuvuja ndani ya mfereji wa pingili za mgongo, unamopita uti, bila ajali yoyote. Hujikusanya kati ya mfupa na utando mgumu unaofunika uti, mara nyingi kwa nyuma, pale shingo inapokutana na mgongo wa juu. Wengine wanatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, wengine wana mishipa yenye kasoro, wengine walikohoa tu au walijikamua chooni. Vitabu vinalaumu vena za pale kwa kuwa hazina vali za kuzuia damu isirudi nyuma. Huenda. Ukifungua, aghalabu unakuta bonge la damu tu, chanzo hukioni.

Kupima hakuhitaji mashine. Mwambie akunje paji, aoneshe meno, apulize mashavu. Kiharusi kinacholegeza mkono na mguu mara nyingi huvuta na uso. Kisha chukua pini safi na kipande cha barafu, anzia mguuni, panda polepole mpaka shingoni, pande zote mbili. Ikiwa nguvu zimepotea kulia, na baridi na mchomo havihisiwi kushoto, tatizo liko kwenye nusu ya kulia ya uti wa mgongo. Pale hisia zinapobadilika chora mstari kwa kalamu juu ya ngozi, uandike na saa. Mstari ukipanda, damu bado inasukuma. Tazama jicho la upande uliolegea: kope kushuka na mboni kuwa ndogo huelekeza shingoni. Bonyeza juu ya kinena, kibofu kikiwa kimejaa tia mpira wa mkojo. Na goti lisiporuka kwa nyundo usidanganyike. Saa za mwanzo uti uliokabwa ghafla hunyamaza.

Ndiyo, mshipa mkubwa wa shingo nao huweza kuchanika ukaleta maumivu na kiharusi pamoja. Ndiyo maana nataka picha kabla ya dawa. CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya kichwa ikiwa safi haijasema lolote kuhusu shingo. Omba MRI (picha ya sumaku) ya uti wote. Siku ya kwanza, kwenye T1, aina moja ya picha za MRI, bonge hufanana rangi na uti wenyewe, na hapo ndipo linapopitwa. Kwenye T2, aina nyingine, hung'aa, na mabaka meusi ndani yake. Sindano ya kutoa maji ya mgongo usiichome.

Mwenye wafarini mpe vitamini K miligramu 10 kwa dripu ya polepole, lakini hiyo huchukua saa kadhaa. Ongeza plazma (maji ya damu yenye viini vya kuigandisha) mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 600 hadi 900, na mwenye ugonjwa wa vali za moyo mapafu yanaweza kujaa maji, basi msikilize kifua kila mara. Presha isishuke.

Anayezidi kulegea afunguliwe, matao ya nyuma ya pingili yaondolewe na bonge litolewe. Ndani ya saa 12 matumaini ni makubwa zaidi. Aliyeanza kupata nguvu mwenyewe ndiye anayetutia mashakani. Wapo wanaopona bila kisu, wapo wanaorudi nyuma usiku. Huyo namkagua kila saa, na chumba cha upasuaji kinangoja. Wafarini irudishwe lini kwa mwenye vali ya chuma moyoni? Hapo mabingwa wenyewe hawakubaliani.

Saa hizo 12 huhesabiwa tangu maumivu yalipoanza Micheweni au Mkoani, kule Pemba, si tangu alipovushwa bahari. Kwenye fomu andika saa ya maumivu, saa aliyotembea mara ya mwisho, INR (kipimo cha damu huchukua muda gani kuganda), na kidonge cha mwisho alikimeza lini.