Minazi ya karatasi na meza ya ukutani

Nikipata ramani ya ukumbi wa zamani wa starehe, kwanza natafuta meza zilikaa wapi. Kazi yangu ni historia ya kumbi hizi, na Cocoanut Grove ya Los Angeles ndiyo ninayoirudia mara kwa mara.

Ilikuwa klabu ya usiku ndani ya hoteli ya Ambassador, barabara ya Wilshire, na ilifunguliwa Aprili 1921. Pombe ilikuwa marufuku Marekani tangu mwaka uliotangulia, hivyo wateja walivutwa kwa dansi na mapambo. Na mapambo yenyewe! Minazi ya karatasi iliyofinyangwa kwa gundi, na juu yake kima bandia waliowaka macho kwa umeme. Mkwezi wa Pangani angecheka hadi akae chini. Wengi husimulia kwamba miti hiyo ilitolewa kwenye seti ya The Sheik, filamu ya Rudolph Valentino. Utamu wa hadithi naukubali, lakini filamu hiyo ilitoka miezi kadhaa baada ya klabu kufunguliwa.

Joan Crawford na Carole Lombard, waliokuja kuwa nyota wa filamu, walishindania vikombe vya dansi hapo kabla majina yao hayajawa makubwa. Bing Crosby naye aliimba na bendi ya Gus Arnheim, na redio ikamfikisha kwa watu ambao wasingeruhusiwa hata kupita mlangoni.

Maana mlango ule ulichagua. Tarehe 29 Februari 1940 tuzo za Oscar zilitolewa ukumbini humo, na Hattie McDaniel akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda, kwa uigizaji wake katika Gone with the Wind. Hoteli haikupokea weusi. Mtayarishaji wa filamu hiyo, David O. Selznick, ilibidi aombe McDaniel aruhusiwe kuingia. Akaruhusiwa, lakini akawekwa kwenye meza ndogo ukutani, mbali na waigizaji wenzake. Alipotajwa, alikuwa na safari ndefu kuliko wote kufika jukwaani.

Juni 1968 Robert Kennedy, seneta aliyekuwa akiwania urais, alipigwa risasi karibu na jiko la hoteli hiyo. Biashara ilikuwa imeshaanza kudorora. 1989 hoteli ikafungwa, baadaye ikabomolewa. Leo pana shule zenye jina la Kennedy, na ukumbi wao wa maonyesho umejengwa kwa kuiga ile klabu. Viti vimepangwa safu kwa safu. Meza hakuna.